Mwalimu Nyerere, Mkulima wa Butiama



Kama ilivyo desturi ya kijarida chetu, kila mwaka tunatenga kurasa chache kumkumbuka mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki, ambaye maisha yake yanatufaa sisi tunaotaka kujenga kwetu. Mwaka huu tumemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wapo watakaosema kwamba habari za Mwalimu tumezisikia tangu darasa la kwanza, tena yeye alikuwa mtu wa Mara, si wa Pwani. Ni kweli. Lakini tuliyofundishwa shuleni ni ya TANU, Uhuru na Muungano. Hapa tutamwangalia kwa upande ambao hutajwa haraka haraka: mkulima aliyerudi kijijini kwake kushika jembe, mume na baba wa watoto wanane. Tutaangalia pia mahali ambapo serikali yake ilimkosea mkulima, kwa sababu kosa lile linatuhusu sana sisi wenye chama cha maendeleo.

MTOTO WA MVUA

Alizaliwa Aprili 13, 1922 katika kijiji cha Butiama, si mbali na Musoma. Baba yake, Mzee Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Bibi Mugaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22, na nyumba nzima ilikuwa na watoto 26. Siku aliyozaliwa mvua ilinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mtu wa mjini anaweza kuliona jina hilo kuwa la kawaida tu. Mkulima anayetazama mawingu ya masika yakipita juu ya shamba lake bila kudondosha kitu anajua uzito wake.

Kuwa mtoto wa chifu hakukumwondolea kazi. Uchifu wa Wazanaki haukuwa wa majumba na dhahabu. Katika boma la wake wengi, kila mama alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na wanawe walikula kutokana na jasho lake. Kambarage alikulia katika nyumba ya mama yake, akachunga mifugo ya baba yake na kusaidia shambani kama watoto wenzake. Kwa hiyo alipokuja kuzungumza na wakulima wakati wa siasa, alizungumza na watu ambao maisha yao aliyajua kwa mikono yake mwenyewe.

Shule aliianza akiwa na miaka 12, mwaka 1934, alipokwenda bweni la Mwisenge, Musoma, mwendo wa kama kilomita 40 kutoka kwao. Kutoka Mwisenge akaenda shule ya serikali ya Tabora, kisha Chuo cha Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hadi 1945. Akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A.. Wakati ule Watanganyika wenye elimu ya namna hiyo walikuwa wachache mno.

NYUMBA YA UDONGO

Linalotufaa sisi zaidi ni alichofanya aliporudi. Alikuwa amekwisha kumchumbia Bi Maria Waningu Gabriel Magige, mwalimu mwenzake kutoka upande wa Tarime. Kabla ya kufunga ndoa alikwenda Butiama akaanza kujenga nyumba, kwa mikono yake. Alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akapandisha kuta. Wanakijiji walishangaa. Walizoea kuona kijana akisoma hata darasa chache tu, mikono yake inakuwa laini na udongo unakuwa kazi ya wengine. Huyu alikuwa ametoka Ulaya na shahada, na alikuwa amejaa tope hadi magotini.

Walifunga ndoa Januari 1953, wakahamia Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ambako Mwalimu alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisi. Mwaka huohuo akachaguliwa rais wa chama cha Tanganyika African Association, na Julai 7, 1954 chama hicho kikazaliwa upya kuwa TANU.

Mwanzoni mwa mwaka 1955 TANU iliamua kumpeleka Mwalimu New York, kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaieleze dunia hali ya Tanganyika. Chama hakikuwa na fedha. Nauli ya ndege ilipatikana kwa michango ya wanachama. Waliotoa walikuwa wafanyabiashara wachache wenye uwezo, na watu wengi wasio na uwezo: wachuuzi, makuli, akina mama wauza maandazi, wakulima. Mtu alitoa alichonacho. Sisi tunaosoma kijarida cha harambee tukumbuke kwamba safari iliyofungua mlango wa Uhuru ililipiwa kwa harambee.

Aliporudi aliambiwa achague, ualimu au siasa. Akaacha kazi yenye mshahara, akiwa na mke na watoto wadogo, akarudi Butiama kwa miezi kadhaa bila kipato. Hapa tumtaje Mama Maria kwa heshima yake. Familia ilipokuja kuishi Dar es Salaam, yeye alifungua duka dogo la mafuta ya taa ili nyumba iende. Historia hutaja mikutano ya Mnazi Mmoja na Jangwani, lakini nyuma ya kila mkutano kulikuwa na mama aliyehesabu senti za vibaba vya mafuta ili watoto wale. Kazi ya Mwalimu ilisimama juu ya kazi yake.

IKULU NA JEMBE

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961 na Mwalimu akawa Waziri Mkuu. Wiki chache baadaye, Januari 1962, alifanya jambo ambalo viongozi wachache wamewahi kulifanya: alijiuzulu, akamwachia Mzee Rashidi Kawawa, akaenda kutembea vijijini kukijenga upya chama. Desemba mwaka huohuo akawa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika.

Urais haukumbadilisha sana mtu yule wa nyumba ya udongo. Alijenga nyumba yake Msasani, ufukweni, akaishi humo na familia badala ya kuishi Ikulu. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, yeye aliwarudisha makwao, na pia akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, pamoja na ya viongozi wakubwa wa serikali. Alitaka kuonyesha kwamba tofauti kati ya mshahara wa msomi na kipato cha mkulima ilikuwa imezidi.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Kwa sisi wenye kazi ya hesabu, Azimio lina fundisho ambalo halichakai. Lilisema maendeleo hayaletwi na fedha. Fedha ni tunda la kazi. Msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Nchi masikini inayosubiri fedha ndipo ianze, itasubiri sana. Pamoja na Azimio yakaja masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti yale yalifika hadi nyumbani kwa Mwalimu. Mama Maria alikuwa na mradi wa kufuga kuku, mradi halali wa mama anayejitegemea. Akauachia. Tukiyasoma leo, wapo watakaoona masharti yalizidi ukali. Lakini hakuna atakayesema kwamba Mwalimu aliwawekea wengine sheria ambayo nyumba yake haikuifuata.

Jembe nalo hakuliacha. Mwaka 1972 chama kilitoa Iringa siasa ya kilimo, iliyojulikana kwa jina la Siasa ni Kilimo, kuhimiza mbolea, upandaji wa mistari na zana bora. Dodoma, katika kijiji cha Chamwino, Rais wa nchi alikaa na wanakijiji akafyatua nao matofali. Likizo zake nyingi alizimalizia Butiama. Waliomjua wanasema alikuwa mtu wa kuamka mapema: misa kwanza, kazi ya mikono, kisha vitabu. Kati ya vitabu na makaratasi ya serikali alipata wasaa wa kutafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

PALE SERIKALI ILIPOMKOSEA MKULIMA

Ukimsifu mtu bila kutaja upungufu wa kazi yake unakuwa hukumheshimu. Katika vitabu vya hesabu, mizania isiyo na upande wa madeni hailingani, na maisha ya kiongozi ni vivyo hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Songea, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa. Walilima pamoja na kugawana mavuno kwa utaratibu waliokubaliana wenyewe. Vijiji vingine vikaiga, vikafika 17, vikaunda chama chao cha maendeleo cha Ruvuma, kiongozi wao akiwa Ntimbanjayo Millinga. Walikuwa na shule yao ya kufundisha watoto kujitegemea, na walinunua mashine ya kusaga nafaka. Mwalimu alivipenda vijiji vile. Mengi aliyoandika kuhusu ujamaa yalikuwa yakifanyika Litowa kwa vitendo. Lakini Septemba 1969, Kamati Kuu ya chama iliamua kukivunja chama kile na mali zake zikachukuliwa, kwa sababu wakubwa wa chama na serikali hawakupenda wakulima wajiendeshe nje ya mkono wao. Mwalimu hakuweza kukiokoa.

Baada ya hapo kilichokuwa hiari kikaanza kuwa amri. Mwaka 1972 halmashauri za serikali za mitaa zilifutwa, madaraka yakaenda kwa maofisa waliotumwa kutoka juu. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa kijijini awe anaishi katika kijiji cha maendeleo. Ndiyo Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa. Sababu ilikuwa njema: watu wakikaa pamoja watapata shule, maji, zahanati. Na kweli shule zilijengwa, zahanati zikafika mahali ambapo hazikuwahi kuwepo, na kisomo cha watu wazima kikawafundisha bibi na babu zetu kusoma barua za watoto wao. Hayo yaandikwe upande wa mali.

Upande wa madeni, wazee wa Pwani wanaujua. Mtu aliyeambiwa ahame aliacha minazi na mikorosho aliyoipanda yeye au baba yake. Shamba likawa mbali, nyani na nguruwe pori wakawa ndio wavunaji. Mkorosho usiopaliliwa na kuangaliwa hauzai, na ugonjwa ukiushika hakuna wa kuushughulikia. Nchi yetu ilivuna tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa hazifiki tani 20,000 kwa mwaka. Kuhama hakukuwa sababu pekee. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga ulienea. Lakini mti ulioachwa hauna mwenyewe wa kuutetea.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa. Vyama vile vilikuwa na matatizo, kukiwamo wizi na upendeleo, lakini vilikuwa vya wakulima. Vikawekwa mashirika ya serikali ya kununua mazao, na mkulima akawa mtu wa kusubiri: kusubiri gunia, kusubiri gari, kusubiri malipo.

Hapa ndipo ninapomheshimu Mwalimu zaidi. Alipokaribia kung'atuka alisema hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Hakumsukumia mtu mwingine wala hakusema alidanganywa na wasaidizi. Sheria za kuvirudisha zilipitishwa mwaka 1982 yeye akiwa bado madarakani, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Kiongozi aliyependwa na watu kiasi kile angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemuuliza.

MIAKA 14 YA BUTIAMA

Novemba 5, 1985 alimkabidhi nchi Mzee Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure, Mkuranga, katika mkoa wetu wa Pwani. Mwalimu alikuwa na miaka 63. Wenzake wengi wa Afrika walikuwa wameondolewa kwa bunduki au waliendelea kung'ang'ania kiti. Yeye alifunga mizigo akarudi Butiama, mahali panapoitwa Mwitongo. Kwa Kizanaki jina hilo ni kama tunavyosema mahame, mahali palipokuwa na makazi ya wazee. Kwa maneno mengine, alirudi kwenye mahame ya baba yake na kuyafanya makazi tena.

Hakurudi kupumzika tu. Alilima. Wageni waliokwenda kumwona, wa nchini na wa nje, mara nyingi waliambiwa wamsubiri kwa kuwa Mzee yuko shambani, au walipelekwa hukohuko wakamkuta na nguo za kazi. Butiama si nchi rahisi kwa kilimo. Ina majabali makubwa, na mvua ya Mara haina ahadi. Mkulima wa pale anategemea mtama, ulezi, mihogo na mahindi, na anajua njaa ni jirani. Mwalimu alilima katika udongo huohuo na kuogopa ukame uleule kama majirani zake, akahimiza samadi na upandaji wa miti. Jioni alicheza bao na wazee wa kijiji, na kwenye bao hakukuwa na Rais mstaafu.

Watu walimfuata na shida zao, naye aliwasikiliza: ada ya mtoto, ugomvi wa mpaka, ugonjwa. Nyumba yake haikuwa ya baba, mama na watoto peke yao. Kwa mila ya kwetu sote, mwenye nyumba ni baba wa wengi, na ndugu wa nyumba ya wake 22 si wachache. Alikuwa na wajukuu, na alikuwa na Mama Maria, ambaye baada ya miaka mingi ya kumgawana mumewe na taifa, sasa angalau alikuwa naye karibu.

Taifa na dunia hawakumwacha moja kwa moja. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Aliongoza Tume ya nchi za Kusini kuanzia 1987 hadi 1990. Kuanzia 1996 alisimamia mazungumzo ya amani ya Burundi, yaliyofanyika Arusha. Katikati ya shughuli hizo aliandika tenzi za habari za Biblia, zilizochapishwa mwaka 1996. Lakini kila safari ilipokwisha, gari lilielekea Butiama. Alikuwa na kwao, na kwao palikuwa na kazi inayomsubiri.

Mwaka 1998 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Mwaka uliofuata alikwenda London kwa matibabu, akafariki dunia Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya St Thomas'. Wengi wetu tunakumbuka tulipokuwa siku ile, na redio ilivyobadilika ghafla. Mwili wake ulirudishwa Dar es Salaam, watu wakajipanga barabarani kwa maelfu kuanzia uwanja wa ndege, na Oktoba 23 akazikwa Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake. Alizikwa katika ardhi aliyoilima.

TUNACHUKUA NINI SISI WA KIWANGWA?

Turudi kwetu sasa. Kiwangwa ya leo ni jina linalojulikana kwa nanasi. Mtu wa Dar es Salaam asiyejua Bago, Masuguru wala Msinune anajua nanasi la Kiwangwa. Barabara ya lami kutoka Bagamoyo kupitia Makofia hadi Msata, kilomita 64, imetupitia, na gari lililokuwa likizama tope masika sasa linafika mjini kwa saa chache. Hizi ni neema.

Pamoja na neema hizo kuna maswali mawili yanayotukabili, na maisha ya Mwalimu yanatusaidia kuyatazama.

Swali la kwanza ni la ardhi. Lami inapopita, bei ya shamba inapanda, na mnunuzi anafika na fedha taslimu. Kijana anaona fedha za siku moja zinazidi mavuno ya miaka mitano. Nanasi lina subira yake. Tangu kupanda chipukizi hadi kuvuna tunda la kwanza ni kama mwaka mmoja na nusu, na ada ya shule haisubiri mwaka na nusu. Simlaumu anayeuza kwa shida. Lakini sisi tuliosoma na kupata kazi mjini tujiulize tunarudi nyumbani kwa nini. Wengi tunarudi kwa msiba, kwa harusi, na kwa mirathi. Mwalimu aliyekuwa na kila nafasi ya kuishi popote duniani alirudi kwa jembe. Si lazima kila mmoja wetu aache kazi arudi kulima. Lakini mtu mwenye shamba lenye migomba, minanasi na mtu wa kuliangalia ana sababu ya kuja wakati hakuna msiba, na mwanawe anajua njia ya kwa babu yake bila kuelekezwa. Ardhi iliyolimwa na kuandikishwa haiuziki kirahisi kama ile iliyoachwa ikawa pori.

Swali la pili ni la bei. Mananasi hukomaa kwa wingi kwa pamoja, Novemba hadi Januari, na tunda halina ghala la kungojea bei ipande. Anayefika na gari ndiye anayetaja bei, na mkulima mmoja mmoja hana la kusema, kwa sababu kesho tunda litaoza. Hii ndiyo kazi ambayo vyama vya ushirika vilizaliwa kuifanya, na ndiyo kazi iliyoharibika vilipovunjwa. Litowa walilijua hilo: walinunua mashine yao ili mazao yao yapate thamani mikononi mwao. Mradi wa chama chetu mwaka huu, kituo cha kukusanyia na kupangia mananasi, umetokana na fikra hiyohiyo. Wakulima wakikusanya pamoja, wakapanga kwa ukubwa na kuhesabu wenyewe, mnunuzi atakuja kuzungumza na watu wengi kwa mara moja.

Makosa ya miaka ile yatufundishe pia namna ya kuendesha mradi huu. Kituo kisiwe cha sisi wa mjini kuwajengea wakulima na kuwaamulia. Serikali ya Mwalimu ilikuwa na nia njema kuliko sisi, na uwezo mkubwa kuliko sisi, na bado ilishindwa pale ilipoamua kwa niaba ya mkulima. Mahali pa kituo, utaratibu wa kupokea matunda, ada ya huduma na viongozi wake viamuliwe na wenye mashamba, katika mkutano, kwa kura zao. Sisi tulioko mbali kazi yetu ni kuchangia, kushauri tukiulizwa, na kuhakikisha hesabu zinasomwa.

Na hesabu zisomwe kweli. Ushirika wa zamani ulipata maadui kwa urahisi kwa sababu vitabu vyake vilikuwa vimewapa maadui hao sababu. Kila mchango utolewe stakabadhi. Kila malipo yawe na hati yake na saini mbili. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani mahali ambapo mama aliyetoa elfu mbili ataisoma sawasawa na mfanyabiashara aliyetoa milioni. Mtu asiyeweza kuona fedha yake ilikokwenda hatatoa mara ya pili, na atakuwa na haki.

Mtaona nimeanza na Azimio lililosema fedha si msingi wa maendeleo, na sasa nawaomba fedha. Mambo haya hayapingani. Msingi tunao: tuna watu, tuna ardhi nzuri, tuna nanasi linalotafutwa na mji wa mamilioni ya watu. Mchango wenu si wa kuanzisha kazi; kazi wameianza wakulima wenyewe kwa jembe na panga. Mchango ni wa kuwapunguzia hasara ya mavuno yanayooza kando ya lami. Waliomchangia Mwalimu nauli mwaka 1955 hawakumnunulia ujasiri wala akili. Hivyo alikuwa navyo. Walimlipia ndege tu, ili alichonacho kifike kinakotakiwa kufika.

Basi, ndugu zangu, fomu ya ahadi imo ndani ya kijarida hiki. Ijazeni mkiwa mmekaa na familia, watoto wakiona. Aliye na kikubwa alete kikubwa, aliye na kidogo asione haya, na aliyeko nyumbani asiye na fedha tutahesabu siku zake za kazi kwenye ujenzi kuwa mchango kamili na kuziandika katika daftari la wachangiaji pamoja na majina mengine. Na mkija siku ya harambee, njooni na nguo za shambani pia. Baada ya hotuba kuna palizi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu, na awarehemu wazee wetu wote waliolala katika ardhi ya Kiwangwa.